Kwa Nini Injini za Kibosho Huchelewa Kupata Moto

Gari linalolala Kibosho huanza siku kwa kuteremka. Linatoka kihambani katikati ya migomba na mibuni, linashika barabara ya Kibosho Shine, linapita Kwa Raphael na kuingia Moshi mjini upande wa International School, na njia nzima mguu wa dereva umekaa kwenye breki kuliko kwenye mafuta. Juni na Julai, ukungu ukiwa bado umetanda asubuhi, mshale wa temperecha unaweza kufika mjini ukiwa haujaachana vizuri na herufi C. Dereva anapeleka malalamiko gereji: injini inachelewa kupata moto. Fundi naye, bila kuuliza gari limetokea wapi, anachukua spana.

Tatizo hili halipewi uzito. Kuchemsha kunatisha, kwa sababu mvuke unatoka, abiria wanashuka na silinda hedi inaweza kupinda papo hapo. Ubaridi hautoi mvuke. Gari linakwenda, linashusha ndizi Mbuyuni, jioni linarudi nyumbani. Ndiyo maana ugonjwa huu unaweza kukaa ndani ya gari miaka mingi bila kuguswa. Kwa maoni yangu, kwenye miteremko hii ya kusini ya Kilimanjaro injini baridi ina maelezo mawili makubwa, na mengine madogo yanafuata nyuma. La kwanza ni mlima wenyewe, na hilo halina dawa wala halihitaji dawa. La pili ni mkono wa mtu: kuna siku gari lilichemsha likipanda, na aliyelitibu aling'oa kifaa ambacho mara nyingi hakikuwa na kosa. Asiyeyatenganisha haya mawili atanunua vipuri mpaka achoke.

Tuanze na mlima. Joto la injini ni sehemu ya mafuta yanayochomwa. Kwa makadirio ya kawaida, theluthi hivi ya nguvu iliyomo kwenye petroli husukuma gari, theluthi nyingine hutoka na moshi wa ekzosi, na sehemu inayobaki huingia kwenye vyuma na maji ya injini. Ukichoma kidogo, unapata joto kidogo. Makazi ya Kibosho yamo kwenye ukanda wa kahawa na migomba, ambao kwa Kilimanjaro ni kati ya mita 1,000 na 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, ilhali Moshi mjini iko kwenye mita 800 hadi 900. Tofauti hiyo gari huishuka kwa uzito wake wenyewe. Tena magari mengi tuliyonayo leo yana mfumo wa EFI: likiwa kwenye gia na dereva ameachia mafuta, kompyuta huweza kufunga nozeli kabisa mpaka mzunguko ushuke karibu na silensa, yaani mzunguko wa injini isiyokanyagwa mafuta. Maana yake, kwenye mteremko mrefu injini huweza kuzungushwa na magurudumu bila kuchoma hata tone, huku ikivuta hewa ya baridi. Hata ule moto kidogo ilioupata uani unapotea njiani.

Hapo hapo niwaambie wanaoteremka na nyutro wakidhani wanaokoa mafuta. Kwenye gari la EFI nyutro inatumia mafuta zaidi, kwa sababu injini inalazimika kuchoma ili isizimike, na breki zinaachwa peke yake kubeba gari lote kwenye kona za Kibosho. Teremka na gia.

Dizeli ina habari yake. Injini ya dizeli hutumia mafuta kwa ufanisi mkubwa kuliko ya petroli, hivyo joto linalomwagika kwenye maji ni dogo, hasa ikiwa haina mzigo. Land Cruiser au Hilux ya dizeli inayochukua muda mrefu kuliko Corolla ya jirani si lazima iwe mbovu. Na ile desturi ya kuwasha gari na kuliacha likiunguruma uani nusu saa ili lipate moto haisaidii. Kwenye silensa injini inachoma kidogo mno, oili inazunguka ikiwa nzito, na petroli isiyoungua inateremka pembeni mwa pistoni. Washa, subiri muda wa kufunga mkanda na kupangusa kioo, kisha ondoka taratibu bila kuipigisha kelele.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni kubadili mahali pa kupimia. Injini haihukumiwi kwenye mteremko. Gari lilale mjini, au likae mjini tangu asubuhi mpaka lipoe kabisa, kisha liwashwe na kupelekwa barabara ya tambarare, kwa mfano kuelekea Boma Ng'ombe. Injini nzima ya petroli inapaswa kufikisha mshale mahali pake pa kila siku ndani ya dakika tano hadi kumi za mwendo, na ikipanda mlima hata kabla ya hapo. Ikifanya hivyo, injini yako haina tatizo, ni njia yako ya asubuhi inayokwenda chini. Ikiwa inapanda kuelekea Kibosho na abiria na bado mshale umelala, au mshale unapanda ukifika mwinuko na kuanguka tena ukifika tambarare, hapo pana ugonjwa.

Ugonjwa huo, mara nyingi kuliko yote, unaitwa themostati. Ni kifaa kidogo kinachoenea kwenye kiganja, kilichofichwa pale mpira mmoja wa rejeta unapoingia kwenye injini. Ndani yake mna kikombe cha shaba chenye nta. Injini ikiwa baridi, nta imeganda, springi inafunga mlango, na maji yanazunguka ndani ya injini tu bila kwenda kwenye rejeta. Maji yakifika kiwango kilichogongwa kwenye chuma chake, kwa Toyota nyingi nyuzijoto 82, nta inayeyuka, inatanuka, inasukuma pini na mlango unafunguka. Basi. Hakina umeme wala waya. Kikichoka, kinaweza kukwama kikiwa kimefunga, injini ikachemsha, au kikiwa wazi, injini isipate moto. Lakini kwenye magari ya huku kuna hali ya tatu ambayo vitabu vya kiwandani havikuifikiria: kifaa hakipo kabisa.

Kila anayemiliki gari Moshi ameisikia kauli inayoleta hali hiyo. Gari limechemsha jioni likipanda na mzigo. Fundi anafungua, anatoa kile kidude, anakitupa kwenye kopo la vyuma chakavu na kusema, "Mangi, nimekatoa, halitachemsha tena." Kwa wiki chache anaonekana kasema kweli, kwa sababu maji sasa yanapita kwenye rejeta tangu sekunde ya kwanza. Tiba hiyo imesambaa Afrika Mashariki nzima, ikisindikizwa na maneno kwamba themostati ni ya nchi za barafu na sisi wa joto hatuihitaji. Maneno hayo hayana ukweli. Themostati haipo kwa ajili ya hewa ya nje, ipo kwa ajili ya vyuma vya ndani, ambavyo vimepimwa kwa vipimo vya kukaa kwenye nyuzijoto 80 hadi 100, iwe gari liko Sapporo au Zanzibar. Na anayesimama Kibosho saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Julai hawezi kusema yuko nchi ya joto.

Ila kabla ya kumlaumu fundi tuulize kwa nini gari lilichemsha, maana bila jibu hilo hata themostati mpya itang'olewa. Na hapa mlima una jambo ambalo wachache wanalizingatia. Maji ya wazi huchemka nyuzijoto 100 Dar es Salaam, karibu 97 Moshi mjini, na karibu 95 ukifika mita 1,400. Rejeta huepuka tatizo hilo kwa kifuniko chake chenye springi, ambacho hushikilia mgandamizo. Kifuniko kilichoandikwa 0.9 kikiwa kizima hufanya maji ya Kibosho yasichemke mpaka karibu nyuzijoto 115. Mpira wake ukikatika au springi ikilegea, ulinzi wote huo unaondoka, na maji yanabaki na 95, kiwango ambacho injini nzima kabisa inaweza kukifikia ikipanda na mzigo. Gari lile lile lililokuwa likivumilia Dar es Salaam linaanza kutoa mvuke Kibosho, mwenye gari anaambiwa rejeta imekufa au gasketi imeungua, wakati kosa ni kifuniko, mojawapo ya vipuri vya bei ndogo kabisa kwenye gari. Ningependa kila gereji ya Moshi ianze na kifuniko hicho kabla haijagusa kitu kingine.

Baada ya kifuniko ni maji yenyewe. Wengi tunajaza rejeta kwa maji ya bomba au ya mfereji, na mfereji wa mlimani ni mzuri kwa migomba na kahawa, si kwa injini. Maji matupu yanaleta kutu, kutu inakuwa tope la kahawia, tope linaziba vijia vyembamba vya rejeta na kula mapanga ya pampu ya maji. Nje nako kuna vumbi la kiangazi na matope ya masika yaliyokauka kati ya mapezi ya rejeta. Gari la namna hii linachemsha kwa haki, na kung'oa themostati hakusafishi hata kijia kimoja.

Tena kuna injini nyingi ambazo kutoa themostati huzidisha hatari ile ile uliyokuwa ukiikimbia. Zitazame Toyota ambazo themostati yake ina sahani mbili, moja juu na nyingine ndogo chini. Injini ikipata moto, sahani ya juu inafungua njia ya rejeta, na ile ya chini inaziba njia ya mkato ambayo maji yalikuwa yakiitumia kurudi injini bila kupoozwa. Ukiondoa kifaa chote, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Asubuhi kwenye mteremko injini itakuwa baridi mno, na jioni kwenye mwinuko, ikihitaji rejeta kwa nguvu zote, sehemu ya maji itaendelea kuzunguka bila kupita huko. Mwenye gari anapata magonjwa yote mawili kwa siku moja, na kwake yanaonekana kama mambo yasiyohusiana.

Madhara ya kuendesha injini baridi hayaonekani siku hiyo. Kompyuta ikiambiwa maji ni ya baridi, inaongeza mafuta, na inaendelea kuyaongeza njia nzima. Plagi zinakuwa nyeusi kwa masizi. Petroli isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka chini, oili inakuwa nyepesi na kunuka petroli ukiinusa kwenye kijiti cha kupimia. Toyota za otomatiki nyingi zinagoma kuingia overdraivu mpaka maji yafike kiwango fulani, kwa hiyo gari linavuma kwenye barabara ya Arusha na dereva anaambiwa giaboksi imechoka. Hita haitoi joto, na kwenye ukungu wa Kibosho hita ndiyo inayokausha kioo cha mbele. Dereva anayefuta kioo kwa mkono akiwa kwenye kona ameondolewa kifaa cha usalama.

Dalili moja inastahili kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu inawagharimu watu fedha nyingi bure. Fungua mfuniko wa oili wa gari linaloshinda kwenye safari fupi za baridi. Chini yake utakuta utelezi wa rangi ya maziwa yaliyochanganyika na kahawa. Mara nyingi fundi akiuona hutamka gasketi ya silinda hedi, na injini inafunguliwa. Lakini utelezi huo unaweza kuwa ni unyevu wa hewa uliogandamana kwenye mfuniko kwa kuwa injini haipati moto wa kuukausha. Chomoa kijiti cha oili: kama oili yake ni safi na utelezi uko kwenye mfuniko tu, kama maji ya rejeta hayapungui na hayatoi mapovu injini ikiunguruma, usikubali injini ifunguliwe. Rudisha kwanza themostati, mwaga oili, tembea mwezi, kisha angalia tena.

Sasa tuje kwenye kupima. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta na uangalie maji, na kamwe usifanye hivyo ikiwa ya moto. Maji yakiwa pungufu, sensa ya geji inaweza kuwa inakaa hewani, nayo ikisoma hewa inasema baridi huku vyuma vinaungua. Huo ndio ubaridi wa kuogopwa kuliko wote, na ndiyo sababu ya kuanza na maji. Kisha washa na uweke mkono kwenye mipira miwili ya rejeta, ukijihadhari na feni. Kama themostati iko upande wa juu, mpira wa juu unapaswa kubaki baridi dakika kadhaa, halafu upate moto kwa ghafla. Kama iko upande wa chini, gusa mpira wa chini. Mpira huo wa upande wa themostati ukianza kupata uvuguvugu tangu dakika ya kwanza na kupanda polepole, themostati imekwama wazi au haipo. Kipimo hiki hakina gharama, na ni cha kuaminika kuliko geji ya dashibodi, kwa kuwa geji za magari mengi ya kisasa zimetengenezwa zikae katikati kwa kiwango kipana cha joto ili dereva asihangaike.

Tazama pia feni. Ya umeme inapaswa kukaa kimya asubuhi. Ikizunguka mara tu unapowasha, na eyakondishen imezimwa, huenda kuna mtu aliiunga dairekti, tiba nyingine ya kuchemsha iliyoachwa ndani ya gari. Ile inayoendeshwa na mkanda, kama kwenye Land Cruiser, ikiwa ngumu kama ukuta unapoizungusha kwa mkono injini imezimwa, klachi yake ya mafuta imekamata na inapuliza muda wote. Magari mengine hita yao ilivuja zamani na mipira yake ikaunganishwa yenyewe kwa yenyewe. Hilo peke yake halileti ubaridi, ila linaeleza kwa nini kioo hakikauki.

Kama maji yapo, themostati ipo na feni imetulia, ndipo uishuku sensa. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina mbili: ya waya mmoja kwa ajili ya geji, na ya waya mbili kwa ajili ya kompyuta. Ndiyo maana geji inaweza kuonyesha sawa huku kompyuta ikiamini injini ni barafu, au kinyume chake. Ile ya waya mbili hupimwa kwa mita: oomu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzijoto 20, na oomu 200 hadi 400 kwenye nyuzijoto 80. Kutu kwenye soketi huongeza oomu, na kompyuta husoma oomu nyingi kuwa ni baridi, kwa hiyo safisha soketi kabla ya kununua sensa. Magari ya baadaye yanayokubali mashine ya kusomea huweza kuonyesha kodi P0128, maana yake maji hayafikii kiwango cha themostati kwa wakati. Kodi hiyo inataja dalili, haitaji kipuri, na anayebadilisha sensa kwa kuiona tu anabahatisha.

Matengenezo yenyewe si magumu. Nunua themostati yenye namba ya nyuzijoto iliyopangiwa injini hiyo na yenye sahani zile zile kama ya asili, na uijaribu kabla haijafungwa. Ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji, isiguse chini, na uweke kipimajoto. Inapaswa kuanza kufunguka karibu na namba iliyogongwa, na yafikapo 95 iwe imefunguka kiasi cha milimita 8 au zaidi. Ukifanyia jaribio hilo Kibosho usisubiri 100, haitafika. Ile pini ndogo inayochezacheza pembeni ndiyo njia ya hewa, hukaa juu kifaa kinapofungwa. Mwaga maji ya kahawia, suuza mpaka yatoke meupe, kisha jaza kulanti iliyochanganywa kwa kipimo cha chupa, si dumu la maji ya kijani lisilo na jina. Huku maji hayagandi, lakini kulanti inazuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka, na hayo mawili ndiyo shida zetu.

Hewa iliyobaki ndani ndiyo inayoharibu kazi nzuri. Kibosho kuna msaada wa bure: egesha gari pua ikitazama mlimani, ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko injini, weka kinga kwenye tairi, fungulia hita mpaka mwisho, na iache injini iungurume kifuniko kikiwa wazi tangu ikiwa baridi huku ukibinya mipira na kuongeza kulanti kila inaposhuka. Mapovu yakikoma na feni ikawaka yenyewe mara moja, zima, iache ipoe, jaza tena, funga kifuniko kizima. Mwaga na oili pia, maana ile ya zamani ina petroli ndani.

Jaribio la mwisho ni mwinuko wa jioni na mzigo wa kawaida, siyo gari tupu. Mshale ukae pale pale kuanzia mjini hadi juu, au kama una mashine ya kusomea, namba icheze kati ya 80 na 100 na feni iweze kuirudisha chini. Ikiendelea kupanda kupita hapo, themostati haina hatia, usimruhusu mtu kuitoa kwa mara ya pili. Rejeta ishushwe, ifunguliwe na kusafishwa vijia vyake, pampu iangaliwe mapanga, na ikibaki shaka, silinda hedi ipimwe kwa mgandamizo kabla ya neno gasketi kutamkwa.